Nondo Juu, Wapangaji Chini

Ukipita Kiseke jioni, angalia mapaa. Nyumba nyingi huku zimechomoza nondo vichwani, zinangoja ghorofa au vyumba vya nyongeza ambavyo havijaanza. Nondo nyingine zimevishwa chupa za plastiki ili zisile kutu, nyingine zimeachiwa zile. Lakini chini yake taa zinawaka, sufuria zinagongana, kamba ya nguo imejaa. Mwenye nyumba hajamaliza kujenga, wapangaji wameshahamia zamani. Mwulize atamaliza lini, atakwambia akipata kodi.

Nimeanzia juu ya paa makusudi. Ubishi wa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, ambao kila mpangaji wa Mwanza anaujua kama kitasa cha mlango wake, kwa kawaida huanzia kwenye tabia za watu: wenye nyumba wana roho mbaya, madalali matapeli, wapangaji wasumbufu. Kila upande una kaukweli kake, na ubishi hauendi popote. Nondo zina maneno zaidi.

Basi nimewakalisha watu wanne uani kwa mama mmoja mwenye nyumba, alasiri ya tarehe mosi. Kikao hiki sikukikuta kimekaa siku moja. Ni maneno niliyoyaokota kwa miaka, kwenye daladala, kwenye mabenchi ya ofisi za mtaa, na katika vyumba nilivyopanga mwenyewe, nikayaweka yajibizane. Majina sitaji, kila mtu ataitwa kwa shughuli yake.

Kwanza hesabu moja. Kiseke ni kata ya Manispaa ya Ilemela, ile iliyotengwa na jiji mwaka 2012, makao yake Buswelu. Sensa ya mwaka huohuo ilikuta Ilemela watu 343,001. Sensa ya 2022 ikakuta 509,687. Ni ongezeko la watu 166,686 katika miaka kumi. Hata ukiwalaza watano watano, ni kaya zaidi ya 33,000 zilizohitaji mahali pa kulaza ubavu. Nani kawajengea? Mfuko wa pensheni wa PPF ulijenga nyumba zake hapa Kiseke, mtaa ukachukua jina, na ingawa mfuko wenyewe uliunganishwa na wenzake mwaka 2018 kuwa PSSSF, konda bado anaita “PPF, PPF” kana kwamba hajapata barua. Lakini kaya 33,000 hazitoshi kwenye nyumba za mfuko wa pensheni. Wengi wamejengewa na watu kama mama huyu, tofali kwa tofali.

*Mwalimu:* Shikamoo mama.

*Mama mwenye nyumba:* Marahaba mwanangu. Sema, leo umepewa nafasi.

*Mwalimu:* Niliripoti Mwanza na begi, godoro na kitanda cha kufungua. Chumba na sebule, choo ndani, nikaambiwa laki na ishirini kwa mwezi. Nikafurahi, nikasema hiyo naiweza. Kumbe laki na ishirini ni jina la chumba, bei yake ni nyingine. Miezi sita, 720,000. Dalali, kodi ya mwezi mmoja, 120,000. Kuonyeshwa vyumba vinne, elfu kumi kumi, 40,000, na viwili kati ya hivyo vilikuwa na watu ndani wanakula. Kirikuu ya kuhamisha, 30,000. Jumla 910,000, na hapo sijanunua hata ndoo.

Nimkatize kidogo. Kima cha chini cha mshahara serikalini kilikuwa 370,000 tangu Julai 2022, kikapanda kuwa 500,000 Julai 2025. Kwa hiyo hata mtumishi wa kima kipya, akifunga kula na kunywa, anahitaji karibu mishahara miwili mizima ili apate ufunguo. Aliye nje ya serikali, muuza duka la mtu au kijana wa kiwandani, afadhali tusimhesabie.

*Mwalimu:* Nikakopa. Si benki, maana benki walitaka niwe nimethibitishwa kazini. Nikaenda kwa wale wa kausha damu. Kila wiki wananipigia simu. Sasa niambie mama, mimi nalipa riba kwa hela ambayo wewe nimekupa bila riba. Ni haki hiyo?

Palikuwa kimya. Swali hilo ndilo lililonifanya niandike, na nitalirudia.

*Mama mwenye nyumba:* Mwanangu, mimi nilistaafu na kiinua mgongo changu. Kikafika kwenye lenta, kikaisha. Nyumba imesimama imeachama kama mtu anayepiga miayo, mvua inanyesha ndani. Benki walitaka hati, mimi nina karatasi za kiwanja tu, hati bado inafuatiliwa. Sasa nikakae hivyo? Wakaja wapangaji wawili wa kwanza, wakalipa miezi sita, nikapaua. Wakaja wengine, nikapiga plasta na kuingiza maji. Wewe chumba chako kimejengwa na aliyekutangulia. Laki na ishirini mwanangu huliwa. Ni sukari, ni vocha, ni mchango wa msiba. Laki saba na ishirini haziliwi, zinanunua bati.

*Mwalimu:* Kwa hiyo sisi ndio benki yako.

*Mama mwenye nyumba:* Wewe umesema. Mimi nimesema bati.

*Dalali:* Madam, usimkazie macho mama tu. Kuna mambo ya soko. Mimi nikikwambia chumba laki na ishirini, nimeshaangalia vitu: mita ya LUKU ni ya peke yako au ya kuchangia, maji yako ndani au bombani uani, kuna fensi, unatembea dakika ngapi mpaka lami ya Pasiansi na Buzuruga. Kila kimoja kina elfu zake.

Kuhusu maji, mgeni hushangaa. Jiji limekaa ziwani, samaki wetu wanakula maji bure, lakini swali la kwanza la mpangaji ni yanatoka siku ngapi kwa wiki. MWAUWASA, mamlaka yetu ya maji, sasa wana chanzo kipya cha Butimba, cha lita milioni 48 kwa siku, na hali si ile ya zamani. Hata hivyo vilima vyetu na mawe yake vina tabia zao, na tenki la plastiki juu ya nguzo bado linaongeza bei ya chumba.

*Mwalimu:* Wewe kaka ndiye ulinionyesha chumba kina watu wanakula.

*Dalali:* Walikuwa wanahama!

*Mwalimu:* Wanahama na ugali mkononi?

*Dalali:* Hela ya kuona ni mafuta ya bodaboda, madam. Siku nzima nazungusha mtu, Nyasaka, Kiseke, Buswelu, jioni anasema ngoja nishauriane na mchumba wangu. Yule harudi tena. Nikisubiri kodi ya mwezi tu, nitakula nini?

Hapa sina budi kujitoa na mimi. Niliwahi kuonyeshwa na dalali mmoja chumba chenye dirisha linaloona ziwa, kipande chembamba cha ziwa katikati ya mawe mawili. Kipande hicho kiliniua. Nikatoa hela ya kuona, nikatoa na kishika chumba, kama mtu anayeposa. Asubuhi yake mlangoni tulikutana wachumba watatu. Kila mmoja ameshika risiti ya karatasi ya daftari la mistari, mwandiko mmoja, tarehe moja, kiasi tofauti. Aliyelipa kidogo kuliko wote ndiye alikuwa na hasira kuliko wote. Mwenye nyumba akatoka na mswaki mdomoni, akatuambia chumba si cha kupangisha, analala mwanawe.

*Mwalimu:* Ujerumani tangu mwaka 2015 sheria inasema dalali wa nyumba ya kupanga alipwe na aliyemwita. Kama ni mwenye nyumba, alipe mwenye nyumba. New York nao wamefuata, Juni 2025. Kwa nini hapa nilipe mimi?

*Dalali:* Sawa, tufuate hiyo. Nani ameniita? Mama hajaniita. Mimi nilipita, nikaona bati linapigwa, nikaingia nikaomba namba ya simu. Wewe ulinipigia saa mbili usiku, unasema kaka nisaidie, nalala kwa rafiki yangu na shemeji ameanza kununa. Sasa kwa sheria ya Kijerumani, nani alipe?

Mwalimu alicheka, na mimi nakiri kijana amejibu vizuri. Sheria ya Berlin imesimama juu ya mwenye nyumba anayekwenda ofisini kwa dalali na kutia sahihi ampe kazi. Huku dalali ni mtu wa kati hasa, hakuitwa na yeyote na anahitajiwa na wote. Ukimkataza kumtoza mpangaji, mama hatamlipa, maana wapangaji wanapita mlangoni kwake kila siku wakiuliza. Kinachowezekana ni kidogo zaidi: hela ya kuona ikatwe kwenye kodi ya mwezi akikupatia chumba, na kishika chumba kitolewe mbele ya mwenye nyumba. Wapo wanaofanya hivyo tayari, na ndio wenye wateja wa kurudi.

*Muuza dagaa:* Mmemaliza? Maana mnazungumza kama watu wote wana mshahara.

Huyu anapanga chumba kimoja upande wa nyuma, miaka mitano sasa, biashara yake iko Mwaloni, Kirumba. Asubuhi anatoka kabla ya adhana, anarudi ananukia ziwa.

*Muuza dagaa:* Dagaa wanavuliwa gizani kwa taa. Mbalamwezi ikiwa kali mitumbwi inakaa, siku kadhaa kila mwezi mimi sina kazi. Halafu kuna miezi mzigo unatoka vizuri, wa Kongo wanakuja, napata hela ya kueleweka. Ukiniambia nilipe kila tarehe mosi, tarehe mosi nyingine inanikuta na mwezi mpevu juu na mfuko mtupu chini. Ikinikuta nina hela, namlipa mama miezi sita, hata nane, nalala. Hata mtumbwi uzame, paa ninalo. Mkileta sheria ya mwezi mmoja mmoja, mmenileta mimi kwenye kugongewa mlango kila mwezi.

*Mwalimu:* Dada, hakuna anayekukataza kulipa mapema. Mimi nataka nisilazimishwe.

*Muuza dagaa:* Mama akishazoea kulipwa kidogo kidogo, ataniamini mimi na dagaa zangu? Atachukua mwenye mshahara. Leo ananichukua kwa sababu nimeshika mkupuo. Mkupuo ndio slipu yangu ya mshahara.

Sikuwa nimelifikiria hilo. Tunaodai kodi ya mwezi kwa mwezi mara nyingi ni watu wa mshahara wa mwezi, na tunadhani kalenda yetu ni ya jiji zima.

*Mwalimu:* Kaka yangu yuko Nairobi. Aliweka amana ya mwezi mmoja, akalipa mwezi wa kwanza, akaingia. Basi. Na wenye nyumba wa Nairobi hawajafa njaa.

*Mama mwenye nyumba:* Na akichelewa je? Nimesikia huko wiki ya pili unakuta kufuli jipya mlangoni. Mimi kumtoa mtu nitaanza na barua, niende kwa mwenyekiti, tukae, tuombane, asikie aibu au asisikie. Asiposikia niende Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kesi ya laki na ishirini! Mpangaji wangu mmoja nilimpa mwezi kwa mwezi kwa huruma. Mwezi wa kwanza alilipa. Wa pili akaomba wiki. Wa tatu simu haipatikani na yeye yumo ndani, namsikia anakohoa.

Wote walicheka, hata Mwalimu. Lakini kicheko hicho kina historia ndefu kuliko nyumba hii, na wasomaji vijana huenda hawaijui. Mama huyu alipoanza kazi serikalini, kuwa mwenye nyumba wa kupangisha lilikuwa jambo la kujificha. Azimio la Arusha la 1967 liliweka miiko: kiongozi wa TANU au wa serikali, mpaka mtumishi wa ngazi ya kati, asiwe na nyumba ya kupangisha. Kodi ya nyumba ilihesabiwa jasho la mwenzio. Mwaka 1971 serikali ikataifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, akaundwa Msajili wa Majumba wa kuyasimamia, baadaye shughuli zake zikaingia Shirika la Nyumba la Taifa. Miiko ililegezwa Zanzibar mwaka 1991, na hapo ndipo mtumishi alipoanza kusema hadharani kuwa anajenga “vyumba vya kupangisha, mafao ya uzeeni”.

Upande wa mpangaji nao ulikuwa na ngao. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya mwaka 1984 iliweka mabaraza ya nyumba na ikambana mwenye nyumba asipandishe wala kumtoa mtu kwa kujisikia. Ikafutwa mwaka 2005. Tangu hapo bei ya chumba ni mapatano ya watu wawili, mmoja ana ufunguo na mwingine ana godoro juu ya kirikuu yenye injini inayowaka. Bungeni suala la kodi ya miezi sita limepigiwa kelele zaidi ya mara moja. Hata waziri wa ardhi tuliwahi kumtoa sisi wenyewe: Angelina Mabula, aliyeshika wizara hiyo mwaka 2022 mpaka 2023, alikuwa mbunge wa Ilemela hii hii. Huku Kiseke mkupuo uko palepale.

Sikushangaa sana. Waziri akikataza miezi sita leo, bati la mama litanunuliwa na nani kesho? Hapo ndipo nondo za juu ya paa zinapoingia tena kwenye mazungumzo. Jiji hili halikujengwa kwa mikopo ya nyumba ya benki. Limejengwa kwa viinua mgongo vilivyoishia kwenye lenta, na kwa kodi za miezi sita sita zilizovuka lenta. Mpangaji ndiye mkopeshaji wa ujenzi wa Mwanza. Neno hilo Mwalimu alilitoa kwa uchungu, mimi nalichukua kama lilivyo, kama hesabu. Na nikishalichukua hivyo, swali langu si tena kama mama ana haki ya kukopa. Nauliza mbona anamkopa mtu kisha anamtendea kama yeye ndiye mdaiwa.

Angalia dukani. Ukinunua soda moja unalipa bei ya moja, ukibeba kreti unapunguziwa. Chumbani ukinunua mwezi mmoja hupewi, ukinunua kreti la miezi sita hupunguziwi hata mia, na bado unaulizwa umeolewa, unaishi na nani, wageni wako wanaondoka saa ngapi. Mkopeshaji gani duniani anaulizwa hivyo?

*Mama mwenye nyumba:* Ya wageni niliuliza kwa usalama.

*Mwalimu:* Kaka wa chumba cha mbele hukumwuliza.

*Mama mwenye nyumba:* Yule ni mwanaume.

Tukaacha hapo, maana lile ni kikao kingine.

Kilichobadilisha sauti ya mazungumzo ni bahasha. Mwalimu alikuwa nayo kwenye mkoba tangu mwanzo. Amehamishiwa Ukerewe. Ana miezi miwili tu ndani ya chumba, minne imebaki, na boti ya Nansio haitamsubiri. Minne ile ni 480,000, na nusu ya deni la kausha damu bado ipo.

*Mwalimu:* Mama, nirudishie hata ya miezi mitatu.

*Mama mwenye nyumba:* Mwanangu, ile imeshakuwa bati. Bati halirudi dukani.

*Mwalimu:* Basi niandikie utanilipa lini.

*Mama mwenye nyumba:* Mkataba unasemaje?

Mkataba ukaletwa. Ni karatasi moja iliyonakiliwa mara nyingi mpaka herufi zimenenepa, ya aina inayouzwa shilingi mia tano wanapopiga fotokopi. Juu imeandikwa kuwa nyumba ipo Wilaya ya Temeke, Dar es Salaam, mtu akafuta Temeke kwa kalamu ya bluu na kuandika Ilemela, lakini Dar es Salaam akaisahau. Kisheria wapangaji wote watano wa uani wanaishi jirani na bandari ya Dar es Salaam. Masharti yapo kumi na moja. Kumi ni ya mpangaji: asipige muziki, asifuge, asipige misumari ukutani, asipikie mkaa ndani. Moja tu linamtaja mwenye nyumba, linasema atapokea kodi. Na namba saba: kodi ikishalipwa haitarudishwa.

*Muuza dagaa:* Mimi hiyo sijawahi kuisoma.

*Dalali:* Hakuna anayesoma. Watu wanatafuta pa kutia sahihi.

Mwenyekiti wa mtaa alikuwa anapita njiani kwenda msibani, akaitwa. Hakukaa, alisimama na fimbo yake mlangoni.

*Mwenyekiti:* Mimi nitawasuluhisha, siwahukumu. Hata baraza la kata siku hizi, tangu sheria irekebishwe 2021, kwenye ardhi na nyumba linapatanisha tu. Mkitaka hukumu ni wilayani. Mkitaka ushauri wangu wa bure, mwalimu atafute mtu wa kumalizia miezi yake, amlipe yeye, mama asipoteze na mwalimu asipoteze. Nawahi mazishi.

Ushauri wa nusu dakika, na kwa maoni yangu ndio wenye akili kuliko yote yaliyosemwa alasiri ile. Mkopeshaji hawezi kudai fedha iliyo juu ya paa, lakini anaweza kuuza deni lake kwa mwingine. Sheria ya Ardhi ya 1999 inautambua upangaji wa muda mfupi hata wa mdomo, na inawapa watu nafasi ya kuandika wanachokubaliana. Hakuna aliyemkataza mama kufuta namba saba na kuandika: mpangaji akihamishwa kikazi anaweza kuleta mwingine amalizie. Hakuna aliyemkataza Mwalimu kuomba bei isipande ndani ya kipindi alicholipia, au apunguziwe mwezi mmoja kwa kila sita. Hawaombi kwa sababu wanaingia mlangoni kama watu waliofanyiwa hisani. Mtu mwenye laki saba na ishirini mkononi hapaswi kuongea kwa sauti ya mwombaji, ingawa nafahamu kwamba nyuma yake kuna wengine watatu na kirikuu zao, na sauti ya kukopesha ni ngumu kuipata ukiwa na shemeji aliyenuna.

*Dalali:* Mtu wa kumalizia ninaye. Nesi, anatoka Sengerema, anataka wiki hii. Tatizo ni dogo. Mimi nalipwa na nani?

*Mwalimu:* Nilishakulipa!

*Dalali:* Ulinilipa kwa kuingia, madam. Sasa unatoka.

*Mama mwenye nyumba:* Mimi sijakuita.

*Dalali:* Na nesi naye atasema hajaniita, mwalimu kampa ofa. Kila mtu ananihitaji, hakuna aliyeniita.

Giza lilikuwa limeanza kuingia. Mama alichukua kalamu, akaweka mkataba juu ya ndoo iliyopinduliwa, akafuta kwanza Dar es Salaam, akaandika Mwanza kwa herufi za mtu aliyejaza fomu maisha yake yote. Kisha akashuka na ncha ya kalamu mpaka namba saba. Akauliza, “Niandike mpangaji *akihamishwa*, au *akihama*?” Kuna tofauti ya pesa nyingi kati ya maneno hayo mawili, na wote waliijua, ndiyo maana wakaanza kusema kwa pamoja.

Taa ya uani ikazimika.

Nyumba za jirani zinawaka. Si mgao, ni uniti zimeisha. Uani huu una mita moja kwa vyumba vyote, imebandikwa karatasi ya majina na zamu, na zamu hazifuatwi siku ya leo. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU. Ilianza shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 5,000 kwa kila ghorofa, tangu Julai 2023 ni 1,500 na 7,500. Ni kodi ya mwenye jengo, lakini mashine haimjui mwenye jengo, inamkata yeyote atakayenunua umeme wa kwanza wa mwezi.

*Muuza dagaa:* Leo tarehe ngapi?

*Mama mwenye nyumba:* Mosi.

Kila mtu alikuwa na simu mkononi. Dalali aliwasha tochi ya kwake, akaielekeza kwenye mkataba, namba saba. Hakuna aliyefungua menyu ya kununua umeme.